Kiporo cha Sikukuu na Karanga za Kukaanga: Mwongozo Kamili

Kesho ya sikukuu ina raha yake: hakuna anayesubiriwa, hakuna wa kupika, na friji imejaa. Ila raha hiyo hutegemea usiku uliotangulia. Kiporo kitamu hutengenezwa usiku uleule, pale watu wameshashiba na hakuna anayetaka kusikia habari za masufuria. Atakayeinuka nusu saa akakihifadhi inavyotakiwa, atakula vizuri siku tatu. Atakayefunika kila kitu na kwenda kulala, ama atamwaga chakula, ama atakula kwa kubahatisha.

Hata kiporo kilichotunzwa vizuri kina kasoro moja: kila kitu kimelainika. Ngozi ya kuku imelegea, viazi vimenywea, mboga zimelala. Ladha ipo, pengine imekolea kuliko jana, lakini mdomoni hakuna kinachovunjika. Hapo ndipo karanga zinapoingia. Zikikaangwa vizuri ni kitafunio cha kutosha peke yake, na zikinyunyizwa juu ya sahani ya kiporo huirudishia kile ilichopoteza. Kwa hiyo tutakwenda na vyote viwili, tukianza na masufuria.

Usiku wa sikukuu: kupoza kabla ya kuhifadhi

Kanuni ni moja. Chakula kilichopikwa kiwe kimeingia kwenye friji ndani ya muda wa saa mbili tangu kitoke motoni. Kama joto la mahali linazidi nyuzi 32 za Selsiasi, muda huo unapungua kuwa saa moja. Sababu ni kwamba kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana kwa kasi. Baadhi yao, wakipata joto wanalolipenda, huongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20. Kipindi cha hatari ni kile ambacho chakula kiko uvuguvugu, na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa uvuguvugu hadi usiku wa manane.

Wali ndio unaodharauliwa kuliko vyote, na ndio wa kuogopwa. Mchele mkavu huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus akiwa katika hali ya spora, yaani kama mbegu ngumu iliyolala, nazo spora hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani, spora huamka, bakteria huzaliana, na huacha sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiharibu. Ndiyo maana hoja ya “nitaupasha vizuri kesho” haina mashiko kwa wali uliolala nje. Unaweza kuua bakteria wote na sumu ikabaki palepale.

Mchuzi mzito na nyama iliyo kwenye sufuria kubwa vina adui mwingine, Clostridium perfringens, anayependa hasa katikati ya chungu kinachopoa polepole. Dawa ya wote wawili ni kupoza haraka:

1. Wali utandaze kwenye sinia au trei pana, unene usizidi sentimita 5. Uchambue kwa uma ili mvuke utoke. Baada ya dakika 20 hadi 30 unaweza kuupakia.
2. Mchuzi na supu, gawa kwenye vyombo vifupi na vipana. Kama ni vingi, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ikiwezekana yenye barafu, ukikoroga kila baada ya dakika chache. Maji ya beseni yakipata joto, yabadilishe.
3. Nyama kubwa na kuku mzima wa kuoka, mchambue usiku huohuo. Osha mikono kwanza, maana mikono nayo hupeleka bakteria kwenye chakula kilichokwisha kuiva. Mifupa iweke kando, ni supu ya kesho.

Chakula hakihitaji kupoa kabisa ndipo kiingie kwenye friji. Kikiacha kutoa mvuke na kimegawanywa kwa vipimo vidogo, kinatosha kuingia. Kosa ni kusukumiza sufuria nzima ya moto kati ya maziwa na mboga. Itapasha joto majirani zake wote na yenyewe haitapoa mpaka asubuhi.

Sasa upakiaji. Kila kitu kikae na chombo chake. Wali ukilala ndani ya mchuzi huunywa wote na kuamka uji, na kitu cha kukaanga kikigusana na kitu chenye maji hakifai tena. Nyama nyeupe na nyama za kuchoma zifunike kwa mchuzi wake kidogo, kwa sababu nitakayoieleza kwenye kupasha. Pakia kwa kiasi cha mlo mmoja, si cha familia nzima, ili usilazimike kufungua na kupasha chombo kilekile mara nne. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi na ukibandike. Najua inaonekana ni mbwembwe, lakini siku ya nne hakuna anayekumbuka kama ule mchuzi ni wa sikukuu au wa kabla yake.

Saladi iliyokwisha kuchanganywa na mayonezi, ikakaa mezani karamu nzima, iache iende. Vivyo hivyo sahani ambayo kila mtu alikuwa anachovya.

Kama huna friji, nitasema waziwazi: usijaribu kukilaza. Hesabu chakula mapema, watu wakiwa bado wapo, na kile kitakachobaki wafungashie waondoke nacho kikiwa cha moto, wakakile usiku huo. Kuchemsha mchuzi kabla ya kulala na kuuchemsha tena alfajiri hakuondoi sumu iliyotengenezwa katikati ya usiku.

Friji, friza na hesabu ya siku

Friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Namba iliyo kwenye kitufe cha ndani haikuelezi nyuzi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iache kwenye rafu ya kati usiku kucha, usome asubuhi. Usijaze hadi hewa ikakosa pa kupita. Soda na maji ya chupa havina haja ya kuwa humo usiku huu. Vitoe, nafasi iende kwa chakula.

Kiporo hukaa kwenye friji siku tatu hadi nne. Wali mimi siupi zaidi ya siku moja au mbili. Samaki na dagaa wa baharini vilevile viende mwanzo. Kwa hiyo mpangilio wa kula ni huu: siku ya kwanza wali na samaki, siku ya pili kuku na mboga, siku ya tatu nyama na michuzi mizito. Ukiona dhahiri kwamba hamtamaliza, peleka friza siku ya kwanza. Watu wengi hupeleka siku ya nne, chakula kikiwa kimeshachoka, halafu wanalaumu friza.

Kwenye friza, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kiporo hubaki salama muda mrefu sana, ila utamu wake ni wa miezi miwili au mitatu. Bapaza mifuko ili iwe myembamba: itaganda haraka na itayeyuka haraka. Acha nafasi kidogo kwenye chombo cha mchuzi kwa sababu ukiganda hutanuka. Kuyeyusha ni ndani ya friji, usiku kucha, si juu ya meza.

Harufu isikudanganye. Chakula kilichochacha utakijua, lakini bakteria wengi wanaowaugulisha watu hawabadilishi harufu wala rangi. Ukiwa na shaka juu ya muda kiliokaa, usikionje ili kuhakikisha.

Kupasha: kila chakula na njia yake

Lengo la usalama ni nyuzi 74 katikati ya chakula. Bila kipimajoto, tafuta mvuke unaotoka hadi katikati ukikigawanya, na mchuzi uchemke hasa, mapovu yakitoka kila upande, si pembeni tu. Pasha kile utakachokula, tena mara moja tu.

Wali wa friji ni mgumu kwa sababu wanga wake umejipanga upya ulipopoa. Joto pamoja na maji huurudisha ulivyokuwa. Kwa kila kikombe cha wali nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha maji, vunja mabonge kwa vidole vilivyolowa, funika vizuri na uweke moto mdogo dakika 5 hadi 8. Kwenye maikrowevu, funika kwa kitambaa kibichi, tandaza wali uwe pete yenye shimo katikati, geuza nusu ya muda, kisha uache utulie dakika mbili kabla ya kufunua.

Nyama ina ugonjwa wake. Ile ladha ya kiporo, kama ya kadibodi, hutoka kwenye mafuta ya nyama yaliyokutana na hewa, na madini ya chuma yaliyomo ndani ya nyama huharakisha kazi hiyo. Kwa sababu hiyo nilisema uifunike kwa mchuzi usiku uleule: mchuzi huzuia hewa. Wakati wa kupasha, weka vipande kwenye sufuria pana na mchuzi au maji kiasi cha kufunika chini, funika, moto mdogo. Ndimu iliyokamuliwa mwishoni, au tangawizi na pilipili manga, humaliza masalia ya harufu hiyo. Kama nyama ni kavu mno, usishindane nayo. Ichambue nyuzinyuzi, ikaange kwa kitunguu, na uile na kitu chenye majimaji.

Vya kukaanga na vyenye ngozi havitaki mfuniko. Oveni ya nyuzi 190, juu ya waya ili hewa ipite chini, dakika 12 hadi 15. Au kikaango kikavu chenye moto wa wastani, upande wa ngozi ukiwa chini, bila kugusagusa.

Mkate usiuweke kwenye friji kabisa. Baridi ya friji huufanya mgumu haraka kuliko ukikaa nje. Uache ukiwa umefunikwa, au uugandishe kwenye friza ukiwa umekatwa vipande. Uliokauka tayari, tutaupatia kazi.

Karanga: kuchagua na kuchambua

Kimmea, karanga ni jamii ya kunde, huzaa chini ya ardhi. Jikoni hilo halitusumbui. Kila mtu huziweka kundi moja na korosho na lozi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na robo ni protini, na hapo ndipo ulipo utamu wake na pia udhaifu wake: mafuta hayo huchacha.

Kabla hujawasha moto, mwaga karanga mbichi kwenye sinia jeupe mahali penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zenye madoa meusi au ya kijani, zilizotobolewa na wadudu, zenye ukungu. Hii si kazi ya urembo. Kuvu aina ya Aspergillus flavus hutengeneza sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kukaanga hakuiondoi kwa namna ya kutegemewa. Karanga moja iliyooza usiifute ukairudisha. Na ukikuta fungu zima lina harufu ya ukungu, hakuna cha kuchambua, tupa lote.

Kukaanga

Njia ninayoipenda ni ya chumvi, kwa sababu joto huizunguka kila punje na ni vigumu kuunguza upande mmoja. Chukua sufuria nzito, mimina nusu kilo ya chumvi ya mawe au ya kawaida, ipashe moto wa wastani dakika 5 huku ukikoroga. Mimina robo kilo ya karanga kavu. Sasa usiondoke. Koroga kwa mwiko wa mbao kutoka chini kwenda juu, polepole bila kusimama.

Dakika za kwanza hakuna kinachotokea. Kisha utasikia mlio mdogo wa kupasuka, hapa na pale, ngozi zikiachana na punje. Harufu ya mwanzo ni ya maharage mabichi. Baada ya dakika 7 au 8 inageuka kuwa harufu unayoijua. Hapo toa punje moja, ipasue katikati, tazama ndani. Nyeupe ni bado. Rangi ya maziwa yenye chai ni sasa. Usisubiri kahawia, kwa sababu karanga huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe baada ya kutoka motoni. Ukizitoa zikiwa kahawia utazila zikiwa chungu. Kwa kawaida ni dakika 10 hadi 12. Mwaga yote kwenye chekecheke pana, chumvi ishuke, karanga zibaki. Chumvi itunze, itafanya kazi hiyohiyo tena na tena.

Zikitoka motoni zitakuwa laini, na wageni wa kazi hii huzirudisha jikoni wakidhani hazijaiva. Tandaza, subiri zipoe kabisa, ndipo uonje. Ukitaka kutoa ngozi, zisugue kati ya viganja au ndani ya kitambaa, kisha zipepete kwenye ungo au sinia mahali penye upepo mwepesi. Mimi ngozi huiacha kama karanga ni za kutafuna tu, na huitoa kama zinakwenda kusagwa, kwa sababu huongeza ukakasi kwenye mchuzi.

Kwa oveni: nyuzi 160, safu moja, dakika 18 hadi 22. Geuza baada ya dakika 10, halafu kila baada ya dakika 5. Korosho zilizobanguliwa zinataka dakika 10 hadi 12 tu. Korosho zilizo bado ndani ya ganda usizijaribu nyumbani; ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake si wa kuvutwa.

Chumvi inayonyunyizwa juu ya karanga kavu huishia chini ya bakuli. Ukitaka ishike, yeyusha kijiko kimoja cha chai kilichojaa cha chumvi kwenye robo kikombe ya maji ya moto, changanya na nusu kilo ya karanga mbichi, ziache nusu saa zikigeuzwa mara kwa mara, zianike zikauke juu, kisha oveni. Kwa pilipili na bizari, piga ute wa yai moja hadi utoe povu, changanya na nusu kilo ya karanga zilizokaangwa kidogo, nyunyiza viungo, rudisha oveni nyuzi 150 kwa dakika 15 hadi 20 ukizitenganisha. Ganda lake jembamba la viungo halibanduki.

Kuvikutanisha

Karanga huingia mwisho kabisa, sahani ikiwa mezani. Dakika kumi ndani ya mchuzi na zimeshalainika.

Wali wa kukaanga ndio mwepesi kuliko yote: kikaango cha moto mkali, mafuta kidogo, kitunguu, wali baridi uliochambuliwa (wa friji unafaa kuliko wa leo, punje hazigandani), mboga zilizobaki, vipande vya kuku. Ukishapata moto hadi ndani, zima, kamua ndimu, tupia karanga zilizopondwa kubwakubwa. Usizisage; chembe ndogo hazisikiki.

Kuku na nyama iliyokauka hupona kwenye mchuzi wa karanga. Saga karanga zikiwa bado na joto. Zitakuwa unga, kisha bonge, kisha mafuta yatatoka na kupata rojo laini. Usikate tamaa kwenye bonge. Vijiko vinne vya rojo hilo vikoroge kwanza kwenye bakuli na mchuzi wa moto kidogokidogo hadi vilegee, ndipo uvirudishe sufuriani. Ukitupa rojo zito moja kwa moja litaganda vipande. Weka nyama, moto mdogo, dakika 10, ukikoroga chini maana hushika haraka. Moto ukiwa mkali mafuta yatajitenga juu. Kijiko cha maji na kukoroga kwa nguvu mara nyingi huyarudisha.

Na mkate ule uliokauka: uvunjevunje, ukaange kwa mafuta kidogo na kitunguu saumu hadi uwe mkavu wa dhahabu, changanya na karanga zilizokatwa na chumvi. Nyunyiza juu ya viazi vilivyopondwa, mboga za majani, hata supu ya ile mifupa. Nikiwa na bakuli la mchanganyiko huu, kiporo cha siku ya tatu sikioni kuwa kiporo.

Kabla hujanyunyiza chochote, uliza. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuvimba midomo na kubanwa pumzi kwa kiasi kidogo sana, na kukaanga hakupunguzi hatari hiyo. Dalili zikianza ni hospitali papo hapo. Bakuli la karanga likae pembeni kila mtu ajitilie, na kijiko chake kisiingie kwenye vyakula vingine. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, hupaliwa. Wapake rojo jembamba kwenye mkate.

Kutunza karanga zilizobaki

Kiganja kimoja, takriban gramu 30, kina kalori kama 170, kwa hiyo bakuli kubwa mbele ya mazungumzo marefu ni mtego. Toa kidogo, nyingine zifunge.

Zisifungwe zikiwa na joto. Mvuke utazilainisha na kualika ukungu. Zikipoa, weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, mbali na mwanga na jiko. Nje hudumu wiki chache, kwenye friji miezi kadhaa. Zikilegea tu kwa unyevu, oveni nyuzi 150 kwa dakika 5 hadi 7, zipoe, na zitavunjika tena. Zikianza kunuka rangi ya ukutani au mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, zimechacha, na hakuna moto wala kiungo kitakachozirudisha.